Kinyozi na Gugu Alilolipa Muhula

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, zimeni redio, tegeni masikio, mpate habari za Kinyozi, simba wa kiti cha plastiki, bwana wa wembe usiotetereka, na jinsi alivyolishinda jeshi la mchanga lisilo na idadi.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya bahari. Upepo ulipovuma, mchanga ulishuka kutoka kilima cha mchanga cha ufukweni kama askari wenye njaa, ukalizingira jiko, ukauvamia unga, ukateka viatu. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi wa mkasi, akatamka, "Baba watoto, cherehani yangu inasaga mchanga. Mambo yakiendelea hivi, mimi nahamia kwa kaka yangu."

Kinyozi alimpenda mno mkewe. Moyo ukamlipuka, akatwaa jembe ili akapambane na mchanga, akakipanda kilima. Huko juu kulikuwa na gugu moja tu, lenye kutambaa, lenye maua ya zambarau.

"Anza kwa kung'oa hilo," mke akaagiza dirishani. "Litatuletea nyoka."

Shujaa akaliinamia. Jua likamchoma, kiuno kikamsihi. Akanena, "Ewe mmea, leo nakupa muhula. Kesho nitakurudia." Akashuka, akalala.

Kesho ile ikazaa kesho nyingine. Kila alipoulizwa alijibu, "Limo kwenye mpango, mama watoto." Gugu nalo likatambaa, likashusha mizizi kila kifundo, likaukamata mchanga. Upepo ukalifukia, likachomoza juu zaidi. Majani yake yakaoza, nyasi zikapata pa kushika. Nyuma ya nyasi vikaja vichaka, ambavyo mbegu zake zililetwa na ndege. Miaka ikapita. Kilima kikatulia, kimekazwa kama mzigo safarini.

Asubuhi moja mke aliikung'uta cherehani, isidondoke hata chembe. Akaikung'uta tena, kisha akaketi, akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ukuta wake wa mawe ulikuwa umekwisha kumezwa na mchanga, akaja na wajumbe. "Ndugu yetu, ulitumia mbinu gani?"

Kinyozi akajitupia shuka ya kunyolea mabegani mithili ya joho. "Waheshimiwa, wengine walikurupuka. Mimi nilijizuia."

"Hilo nashuhudia," mke akasema, akikata uzi kwa meno. "Kwa kujizuia, sijaona mfano wake."

Wajumbe wakapiga makofi, na mke naye, akicheka, akapiga. Basi na ikae katika tarihi za mtaa ule kwamba kilima kizima cha mchanga kilisalimu amri mbele ya mtu aliyekuwa amelala.