Mama Mkwe kwenye Ukurasa wa Mwanzo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimevunjiwa heshima. Na kompyuta! Asubuhi nimefungua kivinjari dukani, hapa Makomeno, Lubumbashi, ninapochapa barua za watu na kupiga fotokopi, nikitegemea kuona ukurasa wa timu yangu kama siku zote. Timu haipo. Kuna nyota za bahati, hali ya hewa ya mji nisioujua, na mwanamke anayeuza chai ya kupunguza tumbo. Kumbe sasisho lilipita. Limebadilisha ukurasa wa mwanzo, limebadilisha hata mahali pa kutafutia. Nani aliniuliza? Hakuna.

Antoine, jirani yangu anayetengeneza simu, anasema niliulizwa, ila mimi hubonyeza Kubali kabla ya kusoma. Nimemjibu kwamba maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa. Amecheka. Antoine hucheka sana kwa sababu hajaoa.

Jioni naambiwa kompyuta ya nyumbani nayo imebadilika hivyohivyo. Naambiwa tu, sijaiona. Kompyuta iko sebuleni, na sebuleni anakaa mama mkwe.

Niandike vizuri, nikizeeka nisije nikajidanganya. Mama Christiane alitoka Kalemie kuja kumsaidia mke wangu Delphine alipojifungua. Ni desturi, nilifurahi. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawasemezani, hawali pamoja, mpaka siku watu wa upande wa mke watakapompikia mkwe kuku na kumfungua. Mimi sijafunguliwa. Mtoto wetu Aaron ameshaota meno. Kwa hiyo nyumba ni yangu, kiti ni changu, na mimi nakula bukari, ugali wetu, nyuma ya jiko pamoja na bata. Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa.

Nimelalamika kuhusu kompyuta nikiwa hukohuko nyuma ya jiko, kwa sauti kubwa, nyumba nzima isikie. Nimesema mashine hii sasa inafungua mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaomba. Delphine ameniomba nipunguze sauti, mtoto amelala.

Jumanne, 10 Juni

Wazo! Limekuja nikiwa napiga fotokopi ya vyeti vya mtu. Kama wakubwa wa dunia wanabadilisha ukurasa wa mtu bila kumuuliza, mimi ni nani hata niulize?

Mama Christiane hufungua kompyuta yetu kila asubuhi kusikiliza nyimbo za kanisa. Basi kitu cha kwanza atakachokiona kiwe Kalemie. Picha za ziwa. Picha za ndagala, dagaa wa kwao, wanaoanikwa. Stesheni, na watu wenye mizigo wanaoshuka kwenye treni. Atakumbuka nyumbani, moyo utamvuta, atafunga mizigo mwenyewe. Hakuna atakayeweza kusema Paulin alimfukuza mama mkwe. Na Jumapili itakayofuata nitampeleka Delphine hoteli ya Karavia, tukae pazuri, nile nikiwa kwenye kiti.

Mchana nimerudi nyumbani kwa siri. Mama mkwe alikuwa uani anamwogesha Aaron. Nimeingia kwenye sebule yangu mwenyewe kwa kunyata, viatu mkononi. Nimebadilisha ukurasa wa mwanzo. Nimekalia kiti changu kidogo tu. Bado ni kizuri.

Kama mtu akiuliza, nitasema ni sasisho.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe amelia! Delphine amenipigia simu dukani kuniambia mama yake alifungua kompyuta, akaliona ziwa, machozi yakamtoka. Nimempa Antoine mkono. Nimempa na mteja mmoja mkono, ingawa hakujua sababu.

Jioni nimekuta hakuna mzigo uliofungwa. Delphine amenieleza sawasawa. Mama hakulia kwa kukumbuka nyumbani, alilia kwa furaha. Alisema: "Mukwe yangu ananifikiriaka." Akasema hajawahi kuona mkwe mwenye moyo kama huo. Akasema sasa anajisikia kama yuko kwao kabisa, hana haraka.

Tena amempigia simu mdogo wake, Mama Régine wa Likasi, aje waangalie ziwa pamoja.

Sikula vizuri. Bata wamefaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Régine amefika. Amekuja na mabegi, na godoro lake. Mtu anayekuja kuangalia picha haji na godoro.

Kwa desturi, mdogo wa mama mkwe naye ni mama mkwe. Sasa ninao wawili. Mmoja yuko sebuleni, mwingine anazunguka uani, na mimi kufika chooni napita kwa jirani. Jirani ameuliza kama tumegombana na Delphine. Nimemwambia nafanya mazoezi ya miguu.

Dukani hapakuwa na wateja. Nikaona bora niulize kompyuta, maana hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza. Nikaandika: mama mkwe anakaa muda gani baada ya uzazi. Nikaandika: namna ya kumwondoa mama mkwe bila yeye kujua. Nikaandika kwa Kifaransa pia, labda Wafaransa wana dawa. Hawana. Wao wanashauri kuzungumza naye kwa upole. Nimeandika mwisho: mama mkwe wawili nyumba moja, msaada.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi, mteja amesimama mbele yangu ana haraka, dirisha jipya limejitokeza katikati ya kazi yake. Kivinjari kimesasishwa tena. Kinanipongeza. Kinauliza kama nataka kufurahia sijui nini kwenye vifaa vyangu vyote. Kitufe cha Kubali ni kikubwa, cha buluu, kinang'aa. Cha kukataa kimejificha pembeni, rangi ya majivu. Mteja amekohoa. Nimebonyeza cha buluu.

Jioni Delphine ameniletea chakula akaniambia, kama habari ya kawaida tu, kwamba kompyuta ya nyumbani leo inaonyesha mambo ya dukani kwangu. Barua niliyomchapia mtu wa Kinsevere anayetafuta kazi mgodini. Bei za wino. Chini imeandikwa: uliyotafuta hivi karibuni.

Tonge nimewaachia bata.

Akaunti ni moja, ya dukani na ya nyumbani. Kila nilichokiandika jana kimefika sebuleni kabla yangu! Nimemuuliza Delphine, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama mama amesoma. Amesema mama ameangalia ziwa na dada yake, halafu wamelala mapema kwa sababu ya baridi.

Akisoma, nimekwisha. Hatanifungua maisha yangu yote. Ukoo wao Kalemie utaambiwa, ukoo wangu utaitwa kujibu, na Delphine ataangalia chini mbele ya wote kwa sababu yangu. Hilo la Delphine ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 14 Juni

Kazi ni moja tu leo: kufuta. Ila wao hawatoki sebuleni, na mimi siwezi kuingia.

Mpango wa kwanza: nimemtuma Antoine ajifanye fundi. Nimemwelekeza afute kila kitu chini ya ziwa. Amekaa humo muda mrefu, nikiwa nyuma ya ukuta roho juu. Ametoka anajilamba vidole. Anasema ni mama wazuri sana, wamempa bukari na ndagala, wamemwonyesha picha. Kufuta amesahau. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mpango wa pili: nimekata umeme kwenye mita. Kompyuta ina betri. Nilijua ina betri, niliinunua mimi.

Mpango wa tatu. Mama wamekwenda jikoni kuchambua sombe, majani ya muhogo. Kompyuta iko mezani karibu na dirisha. Mlango wa sebule unatazamana na jiko, wangeniona. Nimepitisha mkono kati ya vyuma vya dirisha kutoka nje. Kidole kimegusa kona ya kompyuta. Nimesukuma bega kidogo. Bega limeingia. Bega halijatoka.

Nikasikia kandambili. Mama Christiane ameingia sebuleni.

Mimi niligeuzia uso ukutani, maana desturi ni desturi. Yeye naye, nadhani, alijifunika na kitenge. Nikamsikia anamwita Delphine, taratibu kabisa: "Mukono ya mukwe yangu iko mu dirisha. Umwambie aitoe, nataka kupita."

Delphine amekuja na sabuni. Wakati ananipaka bega ameuliza nilikuwa natafuta nini. Nimesema nilikuwa nakagua sasisho. Ameendelea kupaka. Halafu akasema kwamba asubuhi kompyuta ilionyesha maneno mabaya kuhusu mama mkwe, na wote watatu waliyaona. Nilitaka kukimbia, lakini dirisha lilikuwa limenishika.

Delphine akaendelea. Anasema mama yake aliyatazama yale maneno, akatikisa kichwa, akasema: "Ile masini inafunguaka mambo yenye hakuna muntu aliuliza. Mukwe alisema." Na wakafunika kompyuta.

Nimeokoka! Malalamiko yangu ya Jumatatu ndiyo yaliyoniokoa, niliyoyapigia kelele nyuma ya jiko. Nimeshusha pumzi mpaka bega likatoka lenyewe. Namshukuru Mungu, nalishukuru na lile sasisho bovu.

Kuna na habari nyingine. Kesho baada ya misa wananifungua. Mama Régine hakuja na godoro kwa sababu ya ziwa. Aliitwa kuja kupika kuku.

Jumapili, 15 Juni

Nimevaa suti ya harusi. Inabana, lakini nimevaa.

Wameniita kwa jina la mtoto, Baba Aaron, nikaingia sebuleni kwa mlango wa mbele, mchana, na viatu miguuni. Mama Christiane alikuwa amekaa kwenye mkeka na dada yake, Delphine pembeni na mtoto. Katikati kuku mzima, bukari, sombe. Sikujua macho niyapeleke wapi. Akaniambia nisogee: "Kuya, ukae." Kuniambia mimi, si kupitia kwa mtu. Nikakaa. Akamega bukari, akachovya, akaniwekea kinywani kwa mkono wake. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Delphine, yaleyale, hata namna ya kuyabana anapotaka kucheka.

Nilitaka kulia. Niandike ukweli, nililia kidogo.

Akanipa firigisi. Nikaitia mdomoni. Hapo ndipo akasema, polepole, kama anayezungumzia hali ya hewa: "Masini haina na mama mukwe."

Firigisi haimezeki kirahisi.

Akaendelea, bila hasira. Alijua ni mimi tangu alipoyasoma yale maneno. Alimwambia Delphine ni kosa la mashine ili binti yake asione aibu kabla ya kuku kuiva. Tiketi ya treni iko kwenye mkoba wake tangu Aaron alipobatizwa, anaondoka Jumatano. Angeondoka mapema zaidi, ila hakutaka kuniacha sijafunguliwa, na kwa desturi mkwe ndiye anayetuma mtu kuomba afunguliwe. Alingoja mtu wangu. Hakuja. Mwisho akaamua kunifungua bila kuombwa.

"Unakasirikia masini haikuuliza," akasema. "Na wewe haukuuliza."

Mama Régine alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Delphine alijaribu kujizuia, akashindwa. Nilitaka ardhi inimeze. Halafu mama mkwe mwenyewe akacheka, akanisukumia paja la kuku, na moyo wangu ukarudi mahali pake. Nimekula mpaka nimefungua kifungo cha suruali. Ndani ya nyumba! Kwenye joto!

Sijawahi kuwa mwepesi hivi tangu mwaka uanze.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamkia kwenye kiti changu. Mama Christiane amenisalimia, nimemsalimia. Ameniuliza ndagala wa hapa wanauzwaje, tumezungumza kama watu. Kwa kweli atakapoondoka nitamkosa.

Tatizo ni Mama Régine. Amesema hewa ya Lubumbashi inafaa magoti yake, na godoro limeshazoea. Hakutaja siku ya kurudi Likasi. Delphine anasema nimuulize tu, sasa nimefunguliwa, mdomo ni wangu. Mama Christiane naye amesema nimuulize tu.

Nimefikiria sana. Kosa langu wiki iliyopita lilikuwa moja: nilitumia kompyuta yangu.

Mchana nimekwenda kwa Antoine, nimeomba kompyuta yake kidogo. Yake haijaungana na ya nyumbani, hapo hakuna hatari. Nimeingiza akaunti yangu ili ijue mimi ni nani. Nimeandika: mama mkwe mdogo, magoti, namna ya kumrudisha kwao bila kumuuliza. Likatokea dirisha, maandishi marefu, kuhusu vifaa vyangu vyote. Antoine alikuwa anadai kiti chake, kwa hiyo nimebonyeza Kubali.