Nani Kasema Nipumzike?

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kafa. Wiki jana. Tumezika. Leo nimerudi ghalani kubeba saruji. Nyapara kanipa pole, kisha kasema Ijumaa anatupima wabebaji. Atakayeshindwa atashika ufagio. Mimi, ufagio!

Marehemu aliuza chai getini. Kila nikimaliza rundo ananiita: njoo unywe maji kwanza. Nanung'unika, naenda. Sasa hakuna wa kunichelewesha. Sitasimama hata kidogo. Winchi atanikoma! Winchi ndiye mbebaji mwenzangu, ana shingo kama kinu.

Jumanne, 4 Juni
Nimebeba mfululizo. Rundo la kwanza, simba. La pili, mbuzi. La tatu mfuko umeniponyoka, ukapasukia miguuni kwa nyapara. Vumbi hadi kwenye kope!

Winchi kila rundo anakaa juu ya tairi. Kaniambia mzee, hata punda huachwa apumue. Nikamwambia akae tu, bibi harusi. Alipoinuka kabeba kama ndiyo kwanza anaanza. Bahati yake.

Jumatano, 5 Juni
Mikono kama uji. Kijiko kimenishinda.

Shemeji, mdogo wake marehemu, ndiye kashika birika pale getini. Kasema dada yake alikuwa ananiita makusudi. Akiona mikono inatetemeka, anaita. Alijua nikiambiwa pumzika nitagoma, nikiambiwa maji nitakwenda. Uongo! Miaka yote hiyo? Nguvu ni zangu, si za kikombe.

Ijumaa, 7 Juni
Kipimo. Nimevaa mkanda mpya kiunoni. Rundo la kwanza nimemwacha Winchi mbali. La pili, magoti yakaanza kugongana. Nyapara kautazama ufagio, kanitazama mimi.

Mara shemeji akaita kutoka getini: njoo unywe maji kwanza! Sauti ile ile. Miguu ikaenda yenyewe. Nimekunywa polepole, kikombe kizima. Saruji imeingia machoni, ndiyo maana yalitoka machozi.

Nikarudi. Rundo la tatu lote juu ya lori! Nyapara kasema nabaki. Winchi kanipigia makofi. Mnafiki.

Jumapili, 9 Juni
Nimefikiri sana. Ni mkanda. Kupumzika hakuhusiki hata chembe. Nimemwambia shemeji asiniite tena, sisimami. Kasema haya, shemeji.

Kikombe cha marehemu nimempelekea akiweke pale getini. Nyumbani kinajaa vumbi tu.

Mkanda nimeukaza tundu moja zaidi. Kesho narudi kazini.