Ngamia Wanne Waliokuwa Arobaini

Jumatatu, Agosti 4, 1997

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mama hakisomi, na Adeer Sugow, ndugu ya marehemu baba, hasomi chochote. Siri iko salama.

Habari yenyewe ni hii. Nataka kumwoa Fowsiya, mwalimu wa darasa la pili hapa mtaani Galbet. Mimi nataka, yeye anataka. Baba yake, Mzee Kulow wa Habaswein, anataka kwanza kujua nina ngamia wangapi. Mwezi uliopita nilimwambia arobaini, wako malishoni Tarbaj. Ninao wanne, na wako hapa hapa nje ya Garissa. Ulimi uliteleza tu, na ulipoteleza ukaenda mbali.

Leo dereva wa lori kaleta salamu: Mzee anataka kuwaona hao arobaini. Magoti yake hayamfikishi Tarbaj. Na Dekow, mfanyabiashara wa mifugo mwenye ngamia ishirini na wawili wa kweli na kiburi cha mia, naye ameshapeleka posa. Mzee atatusikiliza wote Jumanne ya wiki ijayo.

Wasiwasi? Nyoo! Mpiga video wa harusi mji huu ni mmoja tu, naye ni mimi, Siyad. Kama Mzee hawezi kwenda kwa ngamia, ngamia watakwenda kwake ndani ya kaseti.

Fowsiya kaniambia nimweleze baba yake ukweli. Nikamwambia, Mwalimu, wewe fundisha kujumlisha, kuzidisha niachie mimi. Hakucheka.

Jumatano, Agosti 6

Kazi imeanza. Adeer Sugow kaniletea wanne wangu nyikani, majike watupu. Nikawapiga picha saa sita mchana. Aibu! Ukame umewamaliza, na jua la utosini linaonyesha mbavu moja moja. Adeer akauliza kama kaseti ni ya kuombea msaada wa chakula.

Nikangoja. Saa kumi na mbili kasoro, jua likainama, mwanga ukawa kama samli. Mbavu zikajificha, manyoya yakawaka. Ngamia wale wale! Wamenenepa bila kula hata jani.

Kisha nikalala chali mchangani, kamera ikitazama juu. Lo! Nundu ikagusa mbingu. Adeer alinishauri nipande juu ya mti ili wote waonekane. Hajui kitu. Ukimtazama ngamia kutoka juu ni mbuzi, ukimtazama kutoka chini ni mlima. Na picha ya upana sipigi hata kwa bahati mbaya. Ukionyesha nyika nzima, mtu atahesabu wanne. Ukionyesha miguu, vumbi, tena miguu, hajui kundi linaishia wapi.

Mmoja, yule ambaye fisi alimchana sikio akiwa ndama, kanitemea mate kwenye lenzi. Nimemsamehe, ni msanii mwenzangu. Kesho alfajiri narudia, mwanga wa asubuhi nao ni mtamu.

Ijumaa, Agosti 8

Baada ya sala nimekwenda banda la video la Hared. Deki mbili, waya katikati. Moja inacheza, nyingine inarekodi, kidole changu kiko juu ya kitufe. Hared ananung'unika kuwa wateja wake wa saa tisa wanagonga mlango. Wagonge!

Nimeunganisha hivi: wanne wanapita. Miguu. Jicho moja, karibu kabisa. Wanne wanapita. Vumbi. Wanne wanapita wa jioni, halafu wanne wanapita wa asubuhi. Ukitazama bila kukata, ni ngamia wanne wenye njaa. Ukitazama nilivyokata, Tarbaj nzima inahama. Nimefika arobaini kamili, na sikuongeza hata ndama.

Halafu likaja wazo la kifalme. Kwenye kanda ya harusi ya Nunow, mwaka jana, ninao uso wa Dekow akisubiri sinia la wali. Macho yamemtoka, anameza mate. Nikaukata uso huo nikaubandika baada ya ngamia wangu. Wallahi, sikuamini! Baada ya picha ya wali ilikuwa njaa. Baada ya ngamia ni wivu mtupu. Uso ule ule! Nimeurudisha mara sita, hadi Hared akazima umeme.

Jumapili, Agosti 10

Nimemwonyesha Fowsiya na dada yake mdogo. Dada kapiga makofi. Fowsiya kacheka mwanzoni tu. Akasema baba yake amekulia nyuma ya ngamia, niende na hao wanne wangu, maana Mzee mwenyewe alioa kwa watano. Nikamweleza habari ya mwanga na pembe ya kamera. Akasema kwamba nikiharibu jambo hili, atakayeolewa na Dekow ni yeye, si mimi.

Neno hilo limenichoma. Chai imenishinda. Nikaitazama kaseti tena peke yangu, nikapona.

Jumanne, Agosti 12, Habaswein

Duka lenye jenereta na televisheni. Wanaume wamejaa hadi mlangoni. Mzee Kulow mbele, fimbo magotini. Dekow kaja pia, kajipaka manukato.

Mwanzo, ushindi! Nundu ilipogusa mbingu, duka zima likasema mashallah. Mzee akasogea mbele. Dekow akakohoa. Moyo wangu ukawa unaoa tayari.

Wanne wakapita. Wakapita tena. Mara ya tatu Mzee akasema taratibu kwamba yule mwenye sikio lililochanika anatembea sana. Mara ya tano watu wakaanza kumsalimia. Mara ya nane duka zima lilimwitikia kwa sauti moja, karibu tena, dada, habari za safari! Mimi nimewaona ngamia hawa maisha yangu yote na kwangu ni ngamia tu. Hawa waliwajua kwa sura ndani ya dakika tatu, mpaka na yule mwenye mimba wakamtaja!

Mzee akaendelea. Akauliza ni kundi gani hili ambalo vivuli viko mbele yake, na kufumba na kufumbua viko nyuma yake. Asubuhi na jioni kwa pumzi moja! Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema naam, anaona.

Bado nilikuwa na uso wa Dekow. Ukatokea. Nikangoja waone wivu. Mzee akasema hiyo ni harusi ya Nunow, yeye mwenyewe alikuwa amekaa papo hapo, na kiwiko kile pembeni ni chake. Dekow alicheka mpaka akalala juu ya magunia ya sukari.

Jenereta ikazimwa. Mzee akanigeukia, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema amehesabu wanne. Majike, miguu mizuri, mmoja ana mimba. Kijana mwenye wanne kama hao, katika ukame huu, ni kijana anayejua kutunza. Ningekuja na hao wanne mdomoni, angenipa binti leo. Nilitazama sakafu. Sikuwa na la kukata wala la kubandika.

Kisha akasema Dekow naye hajapewa, maana Fowsiya ametuma neno kwamba hamtaki. Atangoja mpaka mvua. Kabla mvua haijanyesha, niwalete ngamia wangu mwenyewe, kwa miguu yao, bila lile sanduku.

Jumatano, Agosti 13

Nimerudi Garissa. Fowsiya kashukuru Mungu, macho yamemlowa. Akasema hii ni nafasi ya mwisho, niende na wanne na mdomo safi. Nikaapa. Ila sijutii chochote! Kazi ilikuwa nzuri, watazamaji ndio walikuwa wakali.

Alhamisi, Agosti 14

Nimewaza usiku kucha. Mzee alisema kwa miguu yao. Hakutaja idadi. Boma lake lina uwazi mbele na vichaka virefu nyuma. Tutafika jioni, wakati wa mwanga wa samli. Mzee nitamkalisha kwenye kigoda kifupi kabisa, atazame kutoka chini. Adeer Sugow atawapitisha wanne mbele, wazunguke vichakani, wapite tena. Mara kumi tu. Vivuli vitakuwa upande mmoja, hapo sirudii kosa. Na nyuma ya vichaka nitakuwepo mimi na ndoo ya rangi: raundi hii shingo nyekundu, raundi ijayo miguu, na lile sikio litashonwa uzi.

Nimekwenda kwa Faduma dukani kununua hina kilo tano. Akapiga vigelegele, akauliza huyo bibi harusi ni mkubwa kiasi gani. Nikamwambia wako wanne, na mmoja ana mimba.