Mashindano ya Uvuvi Yahamia Kakuma

Umma wote unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba mashindano ya uvuvi, yale ya tangu zamani, mwaka huu yatafanyika Kakuma. Kwamba Kakuma hakuna ziwa, ofisi ilijua. Jambo hilo lilijadiliwa kwa kina pale Lodwar, chai ikinywewa, ikaonekana kuwa kukosa ziwa ni changamoto, na changamoto haijawahi kuzuia sherehe.

Aliyeandika tangazo hilo ni Ewoi Lokapel, Kaimu Mkurugenzi wa Mashindano. Neno kaimu ndilo lililokuwa likimnyima raha. Alikuwa amelivaa mpaka limechakaa. Watoto wake walizaliwa yeye kaimu, wakaota meno yeye kaimu, na juzi mkubwa wao alipopeleka posa, wakwe waliuliza baba mtu atathibitishwa lini, kwa sababu hawatoi binti kwa boma la muda. Ewoi alikunywa maziwa ya wakwe akayaona machungu.

Sasa Mheshimiwa Lokutan, mwanasiasa na mkubwa wa idara, akamwita. Hakumzungusha. Alimwambia mwaka huu kikombe anakitaka mkononi mwake, mbele ya wafadhili, na siku hiyo hiyo mkono huo huo utatia sahihi ya kumthibitisha. Ewoi akatoka ofisini anatembea kama mtu aliyeona mvua.

Mashindano yenyewe yana historia ndefu, na ukiisikiliza ofisini, ni historia ya maendeleo. Mwanzoni, kule Kerio, mto unapoingia Ziwa Turkana, watu walikuwa nyuma sana. Walivua samaki. Aliyepata mkubwa kuliko wote alimlaza mchangani, na kila aliyekuwapo akasogea, akamsifu samaki, akataja kipande chake: mimi nipe kichwa, mimi nipe mkia, mimi tumbo. Kwa Waturkana kusifu kitu cha mtu ni kukiomba, na ukinyima mbele za watu jina lako linaharibika mpaka Nakalale. Basi mshindi alirudi kwake na sifa na harufu tu. Ofisi ilipopata habari hizo ilisikitika sana.

Wakaja wageni wenye fimbo ndefu. Walivua, wakapiga picha, wakamrudisha samaki majini. Wazee walidhani ni ugonjwa, wakawapa pole. Baada ya wageni zikaja kofia na fulana. Baada ya kofia ikaja kamati. Kamati ikagundua kwamba barabara ya ziwani inaumiza magari, ikayasogeza mashindano Lodwar, kwenye hoteli yenye feni. Huko washiriki walivua kwa maelezo: unasimama ukumbini, unaeleza samaki ambaye ungemvua. Ripoti zinasema kwamba samaki hawajawahi kuwa wakubwa kama miaka ile.

Waliokataa maendeleo ni kina mama wa Kerio peke yao. Kila mwaka walipanda lori, wakayafuata mashindano popote yalipopelekwa, wakakaa mbele kabisa wakingoja mgao. Walipewa kofia. Walizifunikia vibuyu vya maziwa, wakarudi tena mwaka uliofuata. Kiongozi wao, Bibi Napeyok, alipoulizwa anatafuta nini, alisema anamtafuta samaki, ameambiwa yuko ofisini.

Kakuma ilichaguliwa kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja kambini, na walitaka kuona wenyeji na wakimbizi wakifanya jambo pamoja. Ewoi akachimbisha shimo kubwa, akalitandika turubai. Maji yaliletwa na bauza, lori la tangi, na ili yatoshe, mabomba ya kambi yalipumzishwa. Kina mama wa kambi wakapanga mitungi mitupu kando ya bwawa, wakakaa wanayatazama maji yao yakiitwa ziwa.

Mmoja wao alikuwa Nyaluak, mama wa Sudan Kusini, mzaliwa wa mto Sobat. Alikuja kujiandikisha na wavu wa kurusha begani. Akachungulia bwawa, akachungulia tena.

"Baba," akamwambia Ewoi, "maji nimeona. Samaki yake iko wapi?"

Ewoi akamjibu kwamba samaki yuko njiani.

"Anakuja na miguu?"

Adolphe, Mkongomani anayeuza samaki wakavu pale sokoni, alikuwa ameazimwa mzani wake na yeye mwenyewe pamoja nao. Akaingilia kati kwa upole. "Muache directeur, Mama. Miye nauza samaki tangu nikiwa kijana, sijaona yenye kufika na miguu. Lakini hii ni ya serikali."

Ni kweli samaki alikuwa njiani. Sangara mrefu kama mlango wa duka alikuwa ametoka Kerio juu ya pikapu, amelazwa kwenye barafu, ili azamishwe bwawani, na Mheshimiwa amvute. Taabu ilikuwa dereva. Dereva alilelewa vizuri. Aliposimama kuweka maji kwenye rejeta, mzee mmoja akachungulia nyuma akasema, huyu samaki wako ni mzuri. Angefanyaje? Akamkatia. Mbele kidogo wakamsifu wengine. Lodwar walimsifu hata askari wa kizuizi. Kufika Kakuma, kilichobaki kwenye barafu kilikuwa kichwa, nacho kilikuwa upande mmoja.

Ewoi hakuweza kumlaumu. Alisimama akikitazama kile kichwa, na kwa mazoea ya kwao akajisikia akiomba shavu.

Kikao cha dharura kiliitishwa hemani. Wajumbe walikubaliana kwamba tatizo si kukosekana kwa samaki. Tatizo ni kwamba samaki amefafanuliwa kwa ufinyu mno. Ewoi mwenyewe akatunga azimio, likapita kwa makofi: kuanzia leo, samaki ni kitu chochote chenye uzito kitakachotolewa majini na mshiriki aliyeandikishwa. Kisha akaenda nyuma ya bauza, akajaza gunia mchanga. Akamfikiria mkwewe, akaongeza jiwe. Akalifikiria neno kaimu, akaongeza jingine. Gunia likazamishwa, kamba yake ikaachwa ukingoni ikimngoja Mheshimiwa.

Siku ikafika. Wafadhili walikaa kivulini, kina mama wa Kerio wakakaa mbele juani, kina mama wa mitungi wakakaa kando. Azimio likasomwa kwa kipaza sauti, likafasiriwa kwa lugha za kambi, na hakuna aliyeuliza swali, ila Nyaluak alicheka kidogo akakunja wavu wake vizuri. Washiriki wa kwanza walitoa majini ndala moja na kifuniko cha sufuria. Vilipimwa, vikapigiwa makofi.

Mheshimiwa Lokutan akasogea na suti yake. Mpiga picha alimwomba ajifunge kamba mkononi ili ionekane vizuri, naye akajifunga. Akavuta. Gunia halikutikisika. Akavuta tena, akitabasamu kwa wafadhili. Turubai lililolowa lina utelezi wake. Viatu vya ofisi vina utelezi wao. Mheshimiwa aliteleza taratibu, akikaa wima, bado anatabasamu, akaingia majini mpaka tai ikaelea.

Walinzi wake walitazamana, maana waliajiriwa kumlinda nchi kavu. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza kama kuokoa kunahitaji kuungwa mkono. Nyaluak hakuuliza. Wavu ulifunguka hewani, ukamshukia Mheshimiwa kila upande, na kabla hajamaliza kupiga chafya, kina mama walikuwa wameshika kamba ya wavu, ile ya gunia ikamfunguka mkononi, wakamtoa na kumlaza chini akiwa mzima, amejikunja, anatema maji ya watu.

Adolphe, kwa mazoea ya soko, alitundika wavu kwenye mzani.

"Bakubwa," akasema, "huyu amepita ndala."

Wafadhili wakaanza kupiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Hajawahi kuona ushirikiano kama huo. Ewoi alitafuta upenyo wa kutokea. Kitu chenye uzito? Ndiyo. Kimetoka majini? Kinachuruzika. Mshiriki ameandikishwa? Alimwandikisha yeye mwenyewe. Akilifuta azimio, hakuna samaki. Pasipo samaki hakuna mashindano. Pasipo mashindano, hata ukaimu hakuna. Akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba mshindi ni Nyaluak.

"Ewoi," sauti ikatoka ndani ya wavu. "Nifungue."

Lakini Bibi Napeyok alikuwa ameshainuka. Alijikung'uta vumbi, akausogelea mzani pole pole, akaangalia samaki juu hadi chini.

"Ejok, binti yangu," akamwamkia Nyaluak kwa Kiturkana. "Samaki wako ni mzuri."

Nyaluak ameishi Kakuma vya kutosha kujua ameombwa.

"Taja, Ata," akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Nitakupa."

"Mimi nipe miguu. Aliahidi kuileta Kerio tangu kura, hatujaiona. Na mikono, kwa sababu miguu haipandi lori yenyewe."

Wakainuka wengine. Mama mmoja aliyetoka kijiji cha Kaikor aliomba ulimi; ulikuja kwao siku moja ukasema kisima, ukaondoka, na wanataka umalizie. Kina mama wa mitungi waliomba mabega, wakaonyesha mitungi. Adolphe alijikuna kichwa akasema yeye si mtu wa tamaa, anaomba tumbo tu, apate kuona vitu vyote vinaendaga wapi. Nyaluak aligawa bila kunyima, na jina lake siku hiyo likawa kubwa kambi nzima. Mheshimiwa naye hakupinga. Alizaliwa Turkana, alijua kunyima mbele za watu kunaharibu jina.

Ewoi akapanga foleni kama raia. Zamu yake ilipofika alimwomba Nyaluak mkono wa kulia, ule wa sahihi.

"Mkono nilitoa, baba. Uliza Ata."

Bibi Napeyok alimwonea huruma, akamwambia mkono ni wake lakini atamwazima, autumie mara moja, watakapofika Kerio, mashindano yakiwa yamerudi ziwani. Hapa Kakuma hauazimwi. Halafu akawaambia wenye mabega wayatumie kwanza, maana wao wako karibu.

Basi Mheshimiwa alibeba mitungi mpaka bwawa likabaki turubai, akamaliza kwa wa Kaikor lile neno la kisima, tena mbele ya wafadhili, na jua lilipopoa akapandishwa lori la Kerio. Alikaa katikati ya kina mama, suti imekauka ikawa ngumu. Ewoi alikaa mkabala naye, macho kwenye ule mkono. Lori likaondoka. Baada ya mwendo mrefu, Mheshimiwa alimwinamia akamuuliza kwa sauti ya chini kama bado yeye ni Mheshimiwa.

Ewoi alilifikiria swali hilo kiofisi, kwa uzito wake wote.

"Kwa sasa, Mheshimiwa, wewe ni kaimu," akamwambia. "Kina mama watakuthibitisha."