Nakala Sita Chini ya Godoro

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Shemeji kateuliwa mwenyekiti wa kamati ya utamaduni. Kaka wa mke wangu, diwani, muuza magodoro. Mara ya mwisho kumwona ameshika kitabu, alikuwa anaulia mende. Na kamati hiyo hiyo ndiyo itakayoamua Jumatatu ijayo nani apewe chumba cha mwandishi nyuma ya maktaba. Kina meza, dirisha, na mlango wenye ufunguo. Mwaka mzima! Mimi riwaya yangu niliiandikia juu ya meza ya kupigia pasi, miaka sita, na kila nilipofika penye utamu mke wangu alikuja na mashati.

Tunakitaka wawili, mimi na Mshairi. Huyo humtungia kila diwani shairi la pongezi. Shairi ni lile lile, hubadilisha jina tu. Ningemshinda nimelala.

Shida ni riwaya yenyewe. Mle kuna mwovu nimemwita Mezameza. Ni diwani. Hukohoa kabla ya kusema uongo, alikata utepe wa zahanati kisha akatia mkasi mfukoni, na alipigiwa kura na marehemu arobaini. Nilimficha kadiri ya uwezo wangu: badala ya magodoro, anauza mablanketi. Shemeji akiisoma tu, chumba nimekikosa. Na maktaba ina nakala sita. Nilizipeleka mwenyewe, kwa majivuno yangu.

Jumanne, 5 Machi

Dawa imepatikana. Nimeziazima zote! Moja kwa kadi yangu, moja ya mke wangu, moja ya mama mkwe, moja ya dada yangu. Mbili zilizobaki nimechukua kwa kadi ya marehemu mjomba, na sahihi yake nimeiweka vizuri kuliko alivyoiweka yeye akiwa hai. Mkutubi akasema ukoo wetu unapenda kusoma. Nikamwambia iko kwenye damu.

Zote sita nimezitia chini ya godoro. Tulilinunua kwa shemeji, mabonde lilikuja nayo. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu analalamika mbavu. Nikamwambia amlaumu kaka yake.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu wangu. Mkutubi kanidaka mlangoni, furaha tele, kanishika mikono yote miwili. Kumbe kila wiki hupelekea kamati orodha ya vitabu vinavyoazimwa zaidi. Wiki hii changu kinaongoza! Nakala sita siku moja, haijapata kutokea tangu maktaba ifunguliwe. Mwenyekiti kasema lazima akisome kabla ya kikao. Tena kaomba na rejista, aone wasomaji wenyewe ni akina nani.

Rafu tupu, kwa hiyo Mkutubi akaniomba nimpelekee mwenyekiti nakala yangu ya nyumbani. Nikasema bila shaka.

Ijumaa, 8 Machi

Wembe. Kutwa nzima nimekata kila ukurasa wenye Mezameza. Kati ya kurasa mia mbili na kumi na mbili zimebaki sitini na moja. Sasa ni hadithi ya shujaa wangu, Mwalimu mwadilifu, anayetembea huku na huko bila sababu. Bado inasomeka, nadhani.

Nikaenda dukani kwa shemeji. Nimechelewa! Mshairi alikuwa ameshampelekea nakala yake, nzima, ile niliyomtilia sahihi siku ya uzinduzi nikiwa nimelewa sifa. Niliandika hivi: “Kwa ndugu yangu Mshairi. Mezameza tunamjua, mimi na wewe.” Shemeji alikuwa amekaa juu ya godoro jipya, midomo inacheza, yuko katikati ya kitabu. Hakuniona. Nimerudi na kurasa zangu sitini na moja.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja kula chakula cha mchana, kitabu kwapani. Mama mkwe naye yupo.

Akasema amekimaliza, na hajamaliza kitabu tangu shule. Akasema Mwalimu amemliza. Hakujua kama namheshimu kiasi hicho, maana hakuna aliyewahi kumwandika vizuri namna ile. Mwalimu! Mwalimu ni mimi! Kila jema la yule mtu nimelitoa kwangu!

Kisha akasema Mezameza naye amemtambua. Akafungua pale nilipotia sahihi, akasoma kwa sauti. Akatoa nakala ya rejista. Hii sahihi ya marehemu mjomba, akauliza, ni ya nani? Mezameza kapigiwa kura na marehemu, na mimi nimeazimiwa vitabu na marehemu. Akanisifu ujasiri. Si wengi, akasema, wanaoweza kujiandika wazi hivyo.

Nikamtazama mke wangu anitetee. Akasema yeye alinijua tangu sura ya pili, na alidhani na mimi najijua. Mama mkwe akataka kuona sahihi niliyomwekea yeye. Mke wangu akaingia chumbani, akarudi na nakala zote sita, akazipanga mezani karibu na mchuzi.

Shemeji akasema kwa huruma kabisa kwamba mtu wa aina hii hawezi kupewa ufunguo wa chumba cha umma. Atakachokifanya amekiandika mwenyewe. Nilikuwa karibu kulia, nasema kweli.

Baada ya yeye kuondoka nimetafuta mkasi. Haupo! Aliuomba akate uzi wa kifungo. Nimewaambia. Hakuna anayeniamini.

Jumatatu, 11 Machi

Mshairi kapewa. Nimemwona dirishani akifunga na kufungua mlango kwa ufunguo, bila haja yoyote. Imeniuma. Miaka sita ya pasi!

Mke wangu kanituma maktaba nikaombe radhi. Nimeomba, kwa moyo mweupe. Nimerudisha nakala sita, Mkutubi kafuta kadi yangu na ya mjomba, nikakubali makosa yangu yote. Kisha akaenda nyuma kumpelekea Mshairi kiti.

Ndipo nikaviona rafuni vitabu vyake vya mashairi. Nakala nne. Watu wakivisoma hivi, mwakani watampa tena! Kwenye pochi nilikuwa na kadi ya marehemu shangazi na ya marehemu babu. Msaidizi wa Mkutubi ni mgeni, amegonga mhuri bila kuuliza.

Zote nne ziko chini ya godoro. Tuone sasa nani atamsoma.