Risasi za Ami Zilizofukizwa Ubani

Leo nimeadhirika. Tena si kwa siri: mbele ya klabu nzima, na ndugu zangu wamekaa viti vya mbele.

Mnajua nafanya mazoezi ya kulenga shabaha (mnajua sana, nimewachosha kwa picha). Leo ilikuwa siku ya mchujo. Timu ya wanawake imebakiwa na nafasi moja, na mimi naitamani tangu mwaka jana.

Sasa, bastola ya klabu ina mambo yake. Inaendeshwa kwa moshi wa baruti. Ukifyatua, moshi kidogo hupenya kwenye kitundu chembamba kilichomo ndani ya mtutu, na nguvu yake ndiyo inayosaidia bastola kujipakia tena. Kwa hiyo haitaki kabisa risasi za kumimina nyumbani, zile za madini ya risasi matupu, yasiyovishwa shaba. Madini yale ni laini. Yanachubuka, yanaganda kwenye kitundu, na kitundu kikiziba, kazi imekwisha. Wiki iliyopita niliwaeleza wanachama wapya haya haya, kwa sauti kubwa, mkono kiunoni.

Asubuhi tuko nyumbani Azaiba tunajiandaa kutoka, akaingia Ami Seif, ndugu yake baba, na mkewe Bi Zuwena. Ami ana rivolva ya zamani, ina kibali chake, na risasi zake huzimimina mwenyewe. Alikuwa amekumbatia kopo la maziwa ya unga.

"Mwanangu, hizi nimekumiminia kwa mkono wangu," akasema. "Kipimo cha bastola yenu kanipa baba'ko. Hizo za dukani hazina moyo."

"Na mie nimezifukiza ubani," akadakia Bi Zuwena. "Huko mwendako husuda nyingi."

(Ndiyo. Baruti juu ya makaa. Tuko hai, alhamdulillahi.)

Mtu mwenye akili angesema: ahsante Ami, lakini haziwezekani. Mimi nikamtazama Ami usoni, furaha imemjaa. Baba akanikazia macho. Kwetu, alichokuletea mkubwa kwa mikono miwili hukiweki kando, na huyu mkubwa mwenyewe alikuwa anakuja kushuhudia. Nikasema, "Ahsante Ami, Mungu akuweke." Nikajidanganya kwamba chache hazitadhuru.

Zamu yangu ikafika. Nikapakia za Ami haraka, Mwalimu Nasra, mkufunzi wetu wa klabu, akiwa anaandika alama za aliyetangulia. Nikafyatua. Katikati! Nikafyatua tena. Katikati!

"Mashallah!" Ami alisikika kupita bastola.

Kisha bastola ikaanza uvivu. Mara ijipakie nusu, mara isijipakie, na mwisho ikagoma kabisa. Nikanyoosha mkono, kama kanuni inavyotaka. Mwalimu Nasra akaja, akaitoa risasi zote, akaifungua mezani. Akachokonoa kile kitundu kwa kijiti cha chuma. Kikatoka kinyuzi cha kijivu. Akakinyanyua juu, watu wote wakakiona. Halafu akanusa.

"Mbona inanukia ubani?"

Akanigeukia.

"Mwanakheri. Umetia risasi za kumimina? Wewe? Kakupa nani?"

Nikamwona Ami kwa pembe ya jicho. Sikuweza kumtaja, wallahi. Nikasema, "Nimenunua sokoni, Matrah."

"Tangu lini Matrah wanauza risasi?"

"Nyuma ya duka la ubani." (Msiniulize. Mdomo ulikwenda wenyewe.)

Mwalimu akatoa simu ili awapigie polisi kuhusu duka hilo. Hapo Ami akasimama.

"Matrah? Matrah ipi? Nimekaa jikoni siku nzima nakumiminia, leo kazi yangu unaiita ya sokoni?"

"Na ubani ule wa bei, wa Dhofar!" akapaza sauti Bi Zuwena. "Nimeagizia!"

Watu walivua vizuia sauti masikioni ili wasikie vizuri.

Nafasi amepewa binti mmoja wa Sidab. Mimi nimepewa brashi, nikasugue mtutu mpaka ung'ae. Nimeumia, siwafichi; nimesugua huku machozi yananilenga. Ami naye akaruhusiwa kujaribu kwa rivolva yake, maana rivolva haina kitundu cha kuziba. Zote katikati. Mwalimu Nasra amemwomba ajiunge na timu ya wazee.

Garini Ami hakunisemesha. Alimwambia baba, "Mwambie binti yako nimemsamehe."

Naomba msicheke. Na mkishindwa, chekeni nje ya kundi hili: Ami yumo humu, na sasa hivi ameniandikia kwamba ananimiminia kopo jingine.