Nadharia ya Taulo

Jumanne, 1 Julai
Mke wangu Gaudiosa, Mama Flavia, kaondoka alfajiri kwenda Lipingo, kule ziwani. Dada yake kajifungua. Mimi nimebaki Mpepai kulinda kahawa iliyoanikwa kwenye chanja. Maagizo: igeuze mara kwa mara, ifunike jioni, ifunike yakianza manyunyu. Kama vile mimi mtoto mdogo! Eti mwaka jana ililoa mikononi mwangu. Ikiloa tena, shamba atalisimamia kaka yake, Erasmo. Yaani Erasmo, muuza usipa, mtu aliyezeeka na vidagaa vya ziwani! Lakini nina mpango.

Mpango wenyewe ni tenisi. Mpepai nzima inabeti mpira wa miguu. Watu ishirini na wawili uwanjani, utawasoma wote saa ngapi? Tenisi wako wawili tu. Na unabeti laivu, mchezo ukiendelea. Anayepoteza odi yake, yaani malipo akishinda, inapanda, unamnunua. Akifufuka, unamuuza kabla mechi haijaisha. Gaudiosa akirudi atakuta tuna mashine yetu wenyewe ya kumenyea kahawa. Tuone atasema nini.

Jumatano, 2 Julai
Banda la video la Ignatio, kuanzia saa saba mchana. Wanacheza kwenye nyasi huko Uingereza. Nimegundua kitu ambacho hata wazungu hawajakigundua. Mchezaji akijifuta taulo mara mbili kabla ya kupiga, roho imeshamtoka. Gemu hiyo anapoteza. Nimejaribu, nikapata! Mara nne nyingine simu ilikataa dau, eti soko limefungwa. Ignatio akaniambia picha ya dishi lake inachelewa, kampuni ya kubeti inaona pointi kabla yetu. Huo ni wivu. Nimempuuza.

Kahawa nimeigeuza mara moja. Inatosha.

Alhamisi, 3 Julai
Tatizo la kitaalamu. Jua linapenya kwenye mbao za banda na kile kimpira hakionekani. Taulo lenyewe silioni vizuri. Tunahitaji giza. Nikakumbuka turubai la kahawa. Mchana halina kazi, limekunjwa tu pale nyumbani. Nimelitundika bandani, giza safi kabisa! Ignatio kanipa kiti cha mbele bure. Jioni nimelirudisha nikafunika kahawa. Nani kaumia?

Ijumaa, 4 Julai
Nimemnunua mrefu mmoja aliyekuwa anapoteza vibaya. Akiba yote ya kwenye simu. Mara mvua ikaanza Uingereza, mechi ikasimama. Vijana wakatoka mbio na turubai kubwa, kufumba na kufumbua uwanja wote umefunikwa. Nimewasifu kwa sauti. Nikawaambia wenzangu bandani, hawa ndio watu wanaojali mali yao. Ignatio akauliza kama hapa nje nako hakujaanza manyunyu. Nikamwambia asinikatishe hesabu. Ningetokaje? Mechi ingeweza kurudi wakati wowote.

Haikurudi. Nimetoka jioni, kijiji kizima kimelowa. Nikakimbia hadi nyumbani. Nikakumbuka turubai leo pia liko bandani, nikakimbia tena kulifuata. Kahawa ilikuwa chapachapa. Nimeifunika vizuri sana hivyo hivyo, ipate joto.

Jumamosi, 5 Julai
Sijaifunua, majirani wana macho. Mechi imeendelea. Yule mrefu hakugusa taulo hata mara moja, na amepigwa seti tatu. Mkeka umechanika, akiba yote imekwenda. Nimechunguza sababu: kumbe alikuwa anajifutia mkono wa fulana. Nadharia iko palepale, yeye ndiye mdanganyifu.

Jumapili, 6 Julai
Gaudiosa karudi, na Erasmo nyuma yake na kifurushi cha usipa. Shemeji hata maji hajanywa. Kafunua turubai, kanusa. Akavua koti, akaanza kuitandaza kahawa kwa viganja, anatoa punje zilizoota kuvu, anazitupa. Usipa nao wanaukausha juu ya chanja, sikuwahi kulifikiria hilo. Gaudiosa akanigeukia.

“Baba Flavia, nilikuachia kitu kimoja tu.”

Hakugomba. Bora angegomba. Akampa Erasmo ufunguo wa stoo. Atakaa hapa mpaka msimu uishe, shamba liko chini yake. Usiku chakula kikaja, akampakulia yeye kwanza, kwenye nyumba yangu. Iliniuma, sifichi.

Lakini nimelala nikatafakari kwa utulivu. Kuanzia kesho saa saba mchana nani anageuza kahawa? Erasmo. Nani anaangalia mawingu? Erasmo. Na mwezi ujao mwishoni wanaanza Marekani, kwenye sakafu ngumu, mchezo mwingine kabisa. Gaudiosa anadhani amenipokonya shamba. Masikini, hajui kwamba amenipa mchana mzima.